Wimbo Unapotangulia Neno

Tamka neno "maji". Litamke tena, taratibu, kiganja kikiwa kooni.

Kabla midomo haijakutana kuitoa ile M, mapafu yamekwisha kupima pumzi. Nyuzi za sauti, mikunjo miwili midogo iliyomo kooni, zimesogeleana na kutetemeka mara 100 na zaidi kwa sekunde. Kaakaa laini limeshuka ili sauti ipitie puani. Midomo imefunga, imeachia, taya limeshuka, ulimi umepanda na kuizaa J. Kazi yote imekwisha kufumba na kufumbua, na muda wote huo mawazo yako yalikuwa kwenye kiu, si kwenye ulimi. Wataalamu wa matamshi hukadiria kuwa misuli ipatayo 100 hushiriki tunaposema, na kwamba mtu akizungumza kwa mwendo wa kawaida hutoa sauti 10 hadi 15 kila sekunde. Hata mpiga kinanda hodari angekistaajabia kinywa cha muuza mchicha anayenadi mboga zake mtaani asubuhi.

Nani alitufundisha? Hakuna mama aliyewahi kumkalisha mwanawe kitako na kumweleza mahali pa kuweka ulimi. Mtoto husikiliza tangu akiwa tumboni, huzaliwa akiitambua sauti ya mama yake, kisha hubwabwaja: ba-ba-ba, da-da-da. Siku moja mbwabwajo hugeuka neno, nyumba nzima hucheka, na kuanzia hapo hatushangai tena. Neema ikiwa karibu mno na jicho haionekani.

Huonekana inapochelewa. Ziko nyumba ambamo neno halikuja. Mtoto ana miaka mitano, sita, saba. Anakimbia, anapanda, anajua kabati gani lina biskuti, lakini kinywani hakuna neno, au yako mawili matatu tu. Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna yake, na maelezo hayo ndiyo yaliyoupa usonji nafasi katika vitabu vya tiba. Kati ya watoto hao, 8 walikuja kusema, na 3 walikuwa hawajasema mpaka alipoweka kalamu chini. Uwiano huo haukubadilika sana. Hadi leo watafiti hukadiria kuwa karibu watoto 3 kati ya 10 wenye usonji hufikia umri wa kwenda shule wakiwa na maneno machache mno au hawana kabisa.

Kimya chao si utupu. Wengi wao wanaelewa mengi kuliko wanavyoweza kutamka. Si ukaidi, si laana, wala si mama aliyekosea kulea. Ni kama mji wenye watu, taa na biashara, ila daraja la kuingilia halijakamilika.

Katika maandishi ya Kanner kuna jambo dogo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita. Mtoto wa kwanza kuelezwa humo, aliyetajwa kwa jina la Donald T., alipokuwa na umri wa mwaka mmoja tu aliweza kuvumisha na kuimba nyimbo nyingi bila kukosea mahadhi. Huyu alikuwa mtoto aliyeonekana kutojali watu, ambaye alipoitwa ilikuwa nadra kuja. Wito haukumvuta, lakini wimbo aliuchukua na kuuhifadhi.

Wazazi wengi wanalijua hili bila kusoma kitabu. Mtoto hasemi, ila akilala huvumisha wimbo wa tangazo la redio. Na ukikosea mahadhi, hukutazama kwa macho ya kukusahihisha. Ni kana kwamba Muumba alipoijenga nyumba ya sauti hakuweka mlango mmoja. Mlango wa neno umekwama, lakini ubavuni upo mwingine, na nyuma yake mtu anaimba.

Mlango huo uligunduliwa zamani, kwa mtu mzima. Mwaka 1745 mwandishi wa Uswidi, Olof Dalin, alitoa taarifa ya kijana aliyepatwa na maradhi ya ghafla. Upande wa kulia wa mwili ulipooza na usemi ukaondoka. Lililobaki kinywani mwake lilikuwa "ndiyo" tu. Lakini tenzi za kanisani alizojifunza kabla ya kuugua aliziimba kwa maneno kamili na yanayosikika, kama mtu mzima wa afya. Dalin aliongeza jambo moja ambalo naomba msomaji aliweke akibani, maana tutalirudia: mwanzoni mwa utenzi, kijana yule alihitaji kusaidiwa kidogo na mtu wa kuimba pamoja naye. Akishaanzishiwa, aliendelea.

Zaidi ya miaka 100 ikapita. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wa mgonjwa aliyefariki baada ya kuishi miaka mingi akitamka silabi moja tu, "tan", akakuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Miaka michache baadaye ikawa wazi kwamba kwa watu walio wengi kazi ya usemi huegemea nusu ya kushoto ya ubongo. Wimbo, kwa upande wake, huamsha nusu zote mbili, na ile ya kulia huchangia sehemu kubwa katika kufuatilia mahadhi. Kumbe kijana wa Uswidi hakuwa kioja. Barabara kuu ilikatika, akapita barabara ya pembeni iliyokuwapo tangu alipozaliwa.

Mwaka 1973, jijini Boston, madaktari na wataalamu wa usemi Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm waliigeuza barabara hiyo kuwa tiba. Mgonjwa aliyepoteza usemi kwa kiharusi hufundishwa kuimba sentensi fupi kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkono wake wa kushoto ukipigwapigwa polepole, pigo moja kwa kila silabi. Kwa nini wa kushoto? Kwa sababu mkono wa kushoto huongozwa na nusu ya kulia ya ubongo, ile ambayo kiharusi hakikuigusa. Kidogo kidogo mahadhi hupunguzwa, na kinachobaki ni usemi.

Mwaka 2009, Gottfried Schlaug na wenzake, jijini humohumo, walichapisha vipimo vya ubongo vya wagonjwa 6 waliopitia tiba hiyo kwa bidii. Ndani ya ubongo mna fungu la nyuzi za neva lililopinda kama upinde, linalounganisha sehemu inayosikia na sehemu inayoongoza kinywa. Kwa kawaida upinde wa kushoto ndio mnene. Kwa wagonjwa wale, nyuzi za upinde wa kulia zilionekana kuongezeka baada ya tiba. Ubongo wa mtu mzima, aliyeumia miaka iliyopita, ulikuwa unapanua njia yake ya akiba kwa sababu ya kuimba.

Hapo likazuka swali: ikiwa wimbo unaweza kumrudishia neno aliyelipoteza, je, unaweza kumpa neno yule ambaye hajawahi kuwa nalo?

Catherine Wan, Schlaug na wenzao, katika kituo cha tiba cha Beth Israel Deaconess, hukohuko Boston, walibuni mafunzo kwa ajili ya watoto wenye usonji wasiosema. Vifaa vyake havitishi: ngoma mbili za kielektroniki zilizowekwa juu ya meza, kila moja na sauti yake, moja juu na nyingine chini. Mtoto huketi upande mmoja, mtaalamu upande wa pili, wakitazamana. Mtaalamu huonyesha picha au tendo, kisha huimba neno la silabi mbili, silabi ya kwanza kwa sauti moja na ya pili kwa nyingine, akipiga ngoma sambamba na kila silabi. Maneno huchaguliwa katika mambo ya kila siku: watu wa nyumbani, vitu, kuomba, kumaliza.

Sasa angalia mpangilio wa ngazi zake, maana hapo ndipo ilipo hekima. Kwanza mtoto husikiliza tu. Pili, mtaalamu na mtoto huimba kwa pamoja, mkono wa mtoto ukiongozwa kupiga ngoma. Tatu, huanza pamoja, lakini katikati ya safari mtaalamu hunyamaza, sauti ya mtoto ikabaki peke yake, kama mtoto anayejifunza baiskeli aliyeachiwa tandiko bila kuambiwa. Nne, mtaalamu huimba, mtoto humfuata. Tano, mtoto huimba mwenyewe.

Majaribio ya kwanza yalichapishwa mwaka 2011. Watoto walikuwa 6, wa miaka 5 hadi 9, na kila mmoja alipata vipindi 40, siku 5 kwa wiki kwa wiki 8. Wote 6 waliongeza uwezo wa kutamka maneno waliyofanyia mazoezi, na hata maneno ambayo hawakuyafanyia. Msomaji asidhani waliondoka wakihubiri. Mafanikio ya mtoto yalikuwa silabi inayokaribia ile iliyotakiwa. Mgeni angeisikia asiitambue. Mama yake angeisikia akaketi chini.

Mwaka 2016, Karen Chenausky na wenzake walitaka kujua kama nguvu iko kwenye wimbo na ngoma au kwenye mazoezi tu. Waliwalinganisha watoto 7 waliofundishwa kwa ngoma na mahadhi na wengine 7 waliolingana nao, waliorudiarudia maneno yaleyale kwa kusema tu, bila kuimba wala kupiga. Baada ya vipindi 25, wa ngoma na mahadhi walikuwa wamepiga hatua kubwa zaidi katika kuzikaribia silabi.

Kwa nini iwe hivyo? Mtu anaweza kukaa na swali hili usiku mzima, na kila jibu likamsogeza karibu na kustaajabu.

Jibu la kwanza ni mwendo. Neno likisemwa hupita kama pikipiki; likiimbwa hupita kama mkokoteni, nawe unauona mzigo wake wote. Irabu hurefuka, silabi hutengana, na sikio linalolemewa na haraka ya usemi hupata nafasi ya kushika.

Jibu la pili ni mkono. Maeneo ya ubongo yanayoongoza mikono na yale yanayoongoza kinywa ni majirani, na kazi zao zimefungamana. Tazama mtu anayezungumza kwenye simu: anaonyesha kwa kidole njia ambayo mwenzake haioni. Ngoma inapopigwa, sikio hupokea sauti, mkono hupokea mpigo, na kinywa huvutwa kujiunga nao. Wapo watafiti wanaoona kwamba mdundo ndio unaofanya kazi kubwa, kuliko hata mahadhi.

Jibu la tatu ni kuvutiwa. Mwaka 2012 watafiti wa New York waliwapima kwa mashine ya MRI watoto wenye usonji huku wakisikilizishwa maneno na nyimbo. Sehemu ya mbele ya kushoto ya ubongo, ile ya usemi, iliitikia maneno kwa uhafifu kuliko ya watoto wengine. Ulipoingia wimbo, iliitikia kwa nguvu kuliko yao. Nyumba ile ile, mgeni amebadilika, na mwenyeji akatoka kumlaki.

Lakini liko jibu la nne, na kwangu ndilo kubwa. Mazungumzo yana zamu. Mimi nikisema, wewe hunyamaza; ukisema wewe, nanyamaza mimi. Adabu ya maongezi imejengwa juu ya kunyamaziana. Kwa mtoto ambaye neno halitoki, zamu yake ikifika hufika na ukimya wa watu wazima wanaomsubiri, macho yote usoni pake. "Sema. Haya, sema." Hakuna mahali pa upweke kama hapo.

Wimbo hauna sharti hilo. Ni kitu cha kinywa ambacho watu wawili, au mia mbili, wanaweza kukifanya kwa wakati mmoja na kisiharibike, bali kikapendeza zaidi. Katika wimbo sauti dhaifu huegemea sauti imara. Asiyejua maneno huvumisha. Anayejua nusu huimba nusu. Mwenye pumzi fupi huvuta pumzi wakati wenzake wakiubeba wimbo. Ngazi ya pili ya yale mafunzo ya Boston, ile ya kuimba pamoja, haimwambii mtoto "sema nikusikie". Inamwambia "njoo, nipo ndani tayari".

Haki inatudai tuseme pia yale ambayo wimbo haukuyaweza. Majaribio haya ya ngoma yalihusu watoto wachache, na wapo waliosonga mbele kidogo sana. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa tiba ya muziki ya namna nyingine, ile ya kubuni papo hapo na mtoto, uliohusisha watoto 364 katika nchi 9. Baada ya miezi mitano, muziki haukuonekana kupunguza makali ya dalili za usonji kuliko huduma za kawaida. Mwaka uliofuata, watafiti wa Montreal, Kanada, waliofanya kazi na watoto 51 wa miaka 6 hadi 12, waliona mawasiliano ya watoto yakiboreka baada ya wiki 8 hadi 12 za muziki, pamoja na mabadiliko katika mawasiliano ya sehemu za ubongo. Basi tusiuze wimbo kama dawa ya kuponya usonji. Mtoto hahitaji kuacha kuwa alivyo. Anahitaji njia ya kutufikia. Wengine njia yao itakuwa picha, ishara za mikono au kompyuta ndogo inayosema kwa niaba yao, na wazazi wasiogope, kwani vifaa hivyo havijaonekana kuzuia usemi. Aliyeumba njia mbili hashindwi kuumba ya tatu.

Sisi tunaosoma haya kwa Kiswahili tunayo sababu yetu ya kutafakari. Lugha yetu imejaa maneno ya silabi mbili zinazoishia kwa irabu: maji, mama, lala, twende, tena, bado. Irabu ndiyo inayobeba wimbo, na mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kana kwamba neno "maji" limekwisha kujichagulia ngoma ya kwanza na ya pili. Hilo si tokeo la utafiti; ni jambo la kusikia kwa sikio tu. Tena kuitikia tumekuzoea. Kwenye ngoma, kwenye kaswida, kwenye kwaya, mmoja huanzisha na wengi hupokea. Hata bibi anayebembeleza mjukuu huacha mwisho wa mstari wazi ili mtoto aujaze.

Mzazi ambaye mtoto wake hasemi ampeleke kwanza kupimwa masikio, na kwa mtaalamu wa tiba ya usemi kama anapatikana. Lakini jioni, nyumbani, hakuna anayemzuia kuimba. Aimbe neno wakati kitu chenyewe kipo: "ma-ji" kikombe kikiwa mkononi. Apige meza kwa kiganja, cha mtoto kikiwa chini ya chake kama mtoto ameridhia. Aimbe hivyo kesho, na keshokutwa. Kisha siku moja aimbe "ma..." na anyamaze, asubiri, bila kuhoji kwa macho. Kikija chochote, hata pumzi yenye umbo la neno, akipokee na kumpa mtoto maji. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa silabi moja moja.

Vitabu vya dini zetu vinamkumbuka Musa, nabii aliyemlalamikia Mola wake uzito wa ulimi. Alipewa ujumbe mkubwa kuliko nguvu za kinywa chake, na pamoja na ujumbe huo akapewa ndugu yake Haruni wa kusimama naye. Nikitazama ubongo, naona desturi ileile ya Mungu. Upinde wa kushoto umewekewa ndugu upande wa kulia. Kinywa kimewekewa mkono. Neno limewekewa wimbo. Na mtoto amewekewa mtu.

Huyo mtu ndiye aliyekuwa pembeni ya kijana wa Uswidi mwaka ule wa 1745. Dalin alistaajabia bubu anayeimba, na alikuwa na haki ya kustaajabu. Lakini kila mara, kabla ya ajabu ile kutokea, palikuwa na mtu aliyevuta pumzi, akaanzisha utenzi kwa sauti yake mwenyewe, akausindikiza hatua chache, kisha akajua wakati wa kunyamaza.